Jina Hutangulia Kazi

Maswali ya wasomaji kuhusu imani na maisha

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu tangu toleo lililopita zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: mimi ni nani mbele za Mungu, na nimewekwa duniani nifanye nini? Nimechagua tatu. Majina ya walioziandika nimeyahifadhi kama walivyoomba, na barua zenyewe nimezifupisha bila kugusa kiini chake. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu naamini wengi watajiona ndani yake.

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa miaka 41. Kwa miaka 14 nilikuwa mhasibu mkuu pale nilipofanya kazi, na hata kanisani watu walinijua kwa cheo hicho. Mwaka jana nafasi yangu iliondolewa. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza ninafanya kazi gani, nashikwa na kigugumizi kana kwamba nimeulizwa jina langu nami silikumbuki. Ibadani naimba na kutabasamu, nikirudi nyumbani nalia, wala sijui yupi kati ya hao wawili ndiye mimi. Wapendwa wananiambia, "Wewe ni mtoto wa Mungu, utambulisho wako uko katika Kristo." Nayaamini maneno hayo, lakini hayanigusi. Yana maana gani Jumatatu asubuhi, wakati wenzangu wanakwenda kazini?

JIBU: Dada yangu mpendwa, asifiwe milele. Kwanza pokea pole yangu. Machozi yako usiyahesabu kuwa upungufu wa imani. Kazi ni jambo jema ambalo Mungu mwenyewe alimpa mwanadamu kabla dhambi haijaingia, alipomweka katika bustani ailime na kuitunza, na kwa hiyo anayenyang'anywa kazi aliyoifanya kwa uaminifu miaka 14 amepotewa na kitu halisi. Anayekuambia usihuzunike kwa kuwa una Yesu anakukosea, hata kama nia yake ni njema.

Hata hivyo, nakuomba utazame pamoja nami mpangilio wa mambo katika sura ya kwanza ya Biblia. Mungu anamwumba mwanadamu kwa mfano wake, mwanamume na mwanamke, kisha anawabariki, na baada ya baraka ndipo linapokuja agizo la kuzaa, kuijaza nchi na kuitiisha. Zaidi ya hayo, mwanadamu anaumbwa siku ya sita, maana yake siku yake ya kwanza nzima chini ya jua ilikuwa ya saba, siku ambayo Mungu alistarehe. Kabla hajashika jembe, kabla hajampa mnyama hata mmoja jina, alikwisha kuwa sura ya Mungu, amebarikiwa. Mimi nilisoma sura hiyo kwa miaka mingi bila kuliona jambo hili, na siku nilipoliona nilifunga Biblia nikakaa kimya kwa muda mrefu.

Mpangilio huo unaonekana tena kwenye mto Yordani. Luka anatuambia kwamba Yesu alipoanza kufundisha umri wake ulikuwa kama miaka thelathini. Siku aliyobatizwa alikuwa hajahubiri hata mara moja mbele ya makutano, hajamponya kipofu, hajamwita mwanafunzi. Hana cha kuonyesha ila miaka ya maisha ya kawaida ambayo Injili zinasimulia machache sana kuihusu. Hapo ndipo sauti inapotoka mbinguni: "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu, nimependezwa nawe." Jina limetangulia, kazi itafuata. Anatoka hapo kwenda nyikani, na angalia shambulio la kwanza la yule mjaribu: "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu, amuru kwamba mawe haya yawe mikate." Neno "mpendwa" ameliacha nje, na lile jina lililotolewa bure sasa analidai lithibitishwe kwa utendaji. Dada yangu, kila mara unapoulizwa kazi yako ukasikia kifua kinabana, nadhani unasikia mwangwi wa swali hilohilo: kama kweli wewe ni mtu, tuonyeshe unachofanya. Yesu hakugeuza jiwe hata moja ili kujibu swali hilo. Alisimama juu ya neno alilokwisha kuambiwa.

Utasema kwamba yeye ni Mwana kwa asili, na wewe je? Paulo anatumia neno "kufanywa wana" anapowaandikia waamini wa Rumi, yapata mwaka 57, nao walilielewa neno hilo kuliko tunavyolielewa sisi. Katika sheria ya Kirumi, aliyefanywa mwana alitoka chini ya mamlaka ya baba yake wa zamani, akapokea jina la baba mpya na haki kamili ya urithi, na mara nyingi aliyefanywa mwana alikuwa mtu mzima. Kaisari aliyekuwa akitawala wakati waraka ule unaandikwa, Nero, hakuwa mtoto wa kuzaliwa wa Klaudio aliyemtangulia. Alifanywa mwana wake mwaka 50, na mwaka 54 akarithi kiti, ingawa Klaudio alikuwa na mwana wa damu yake mwenyewe. Kwa hiyo wasomaji wa kwanza wa Paulo, wakiwemo watumwa wasio na urithi wowote, waliposikia kwamba wamepokea roho ya kufanywa wana, ambayo kwayo wanalia, "Aba, yaani, Baba," hawakufikiri kwamba wanapewa maneno ya kuliwazwa. Walifikiri juu ya hati, jina na urithi, yaani juu ya tendo la mwenye mamlaka ambalo halitegemei aliyelitendewa anajisikiaje asubuhi ile. Hapo ndipo ninapotaka ushike. Unasema maneno hayakugusi. Hayana sharti la kukugusa ndipo yawe kweli.

Niruhusu nikusimulie jambo. Niliwahi kuwa na kawaida ya kumtembelea mzee mmoja aliyekuwa mwalimu mkuu kwa sehemu kubwa ya maisha yake, ambaye uzeeni kumbukumbu zilimtoroka moja baada ya nyingine, hadi jina lake mwenyewe. Siku moja nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, bintiye amepiga magoti mbele yake akimfungua vifungo vya shati alivyovifunga visivyo, kimoja kikiwa kimeruka tundu na vingine vyote vikiwa vimefuata upotovu huo mpaka chini. Mzee akamtazama kwa hofu, akauliza, "Mimi ni nani?" Yule binti hakuacha kufunga vifungo. Alisema, "Wewe ni baba yangu," akaendelea na kifungo kilichofuata. Nikaona mabega ya mzee yakishuka, hofu ikimtoka. Hakukumbuka chochote, lakini kulikuwa na mtu aliyemkumbuka. Isaya anaposema, "Nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu," tangu siku ile siusomi mstari huo bila kuona vifungo.

Kuhusu yule anayetabasamu ibadani na yule anayelia nyumbani, si wewe wa kwanza kuuliza yupi kati yao ni wa kweli. Mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, Dietrich Bonhoeffer, akiwa gerezani Berlin mwaka 1944, aliandika shairi juu ya jambo hilohilo. Watu walimwambia kwamba hutoka katika chumba chake cha gereza akiwa mtulivu na mchangamfu, naye ndani yake alijiona kama ndege mgonjwa aliyefungiwa tunduni, amechoka hata kuomba. Je, ni huyu au ni yule, au ni wote wawili? Hakupata jibu kwa kujichunguza. Alimaliza kwa kumwambia Mungu kwamba, awaye yote, Mungu anajua yeye ni wake. Tarehe 9 Aprili 1945 alinyongwa. Ninakutajia habari zake kwa sababu hakulitatua fumbo lake kwanza ndipo apumzike kwa Mungu. Alipumzika nalo likiwa mkononi.

Basi, Jumatatu. Amka saa ileile uliyozoea, na kabla hujashika simu sema kwa sauti ule mstari wa Isaya, jina lako likiwa ndani yake. Utaona ni jambo la kitoto, lifanye hivyohivyo. Mtu akikuuliza kazi, jibu kwa unyoofu, "Kwa sasa sina ajira, natafuta," bila kuongeza maelezo ya kujitetea. Chagua mtu mmoja kanisani, si zaidi, umwambie kuhusu machozi ya nyumbani. Ujuzi wako wa hesabu haukuondolewa pamoja na cheo, na bila shaka wapo jirani nawe wajane au vikundi vidogo ambao vitabu vyao vya fedha vinahitaji jicho lako, ila usikimbilie huko ili upate cheo kingine cha kujificha ndani yake. Na kama usingizi umekupotea kwa majuma, au unaona heri usingekuwapo, nenda kwa daktari pia, upesi. Mungu aliyetuumba na mwili haoni haya mwili huo ukitibiwa.

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Nina miaka 24 na nilimaliza masomo miaka 2 iliyopita. Katika mkutano wa maombi mtumishi mmoja alinitabiria kwamba nina wito mkubwa kwa mataifa. Nimefunga na kuomba nionyeshwe kusudi langu, na nimekataa nafasi mbili za kazi kwa kuogopa kutoka nje ya mpango wa Mungu. Mstari wangu ni Yeremia 29:11. Wenzangu wanasonga mbele, nami bado nasubiri. Nitajuaje kusudi langu kabla sijachelewa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nakupenda kwa shauku yako, na kwa ajili hiyo nitakuambia wazi: nadhani ulikosea kukataa zile kazi mbili, na nadhani mstari unaoushikilia ungekushauri uzipokee, endapo ungeusoma pamoja na mistari inayoutangulia.

Yeremia 29 ni barua. Iliandikwa kutoka Yerusalemu kwenda kwa watu waliokuwa wamechukuliwa mateka Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo. Watu hao walikuwa na manabii waliowaambia wasifungue mizigo yao, maana kurudi ni karibu. Katika sura ya 28 Hanania anataja hata muda, miaka miwili tu. Yeremia anaandika kuwapinga manabii wa namna hiyo. Anawaambia wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuozesha, wautakie amani mji ule waliohamishiwa na kuuombea kwa BWANA, kwa kuwa mambo yatachukua miaka sabini. Ni baada ya maagizo hayo ya jembe, mawe na ndoa ndipo linapofuata neno tamu kwamba Mungu anayajua mawazo anayowawazia, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Wengi wa waliosomewa barua ile walikuwa watu wazima ambao wasingeishi kuiona ile miaka sabini ikitimia. Kusudi lao halikuwa kungoja Babeli kana kwamba maisha yako mahali pengine. Lilikuwa kulima pale, kwa jina la Mungu wao, huku ahadi ikiwa salama mikononi mwa aliyeitoa.

Unaogopa kwamba kusudi la Mungu ni kama mlango mmoja uliofichwa kati ya milango mingi, na kwamba ukishika kitasa kisicho, umepotea moja kwa moja. Sioni hofu hiyo katika Maandiko. Mtazame Paulo katika Matendo 16. Alitaka kuhubiri Asia, jimbo la Kirumi lililokuwa katika Uturuki ya leo, Roho Mtakatifu akamkataza. Akajaribu kuingia Bithinia, akazuiwa tena. Akateremka mpaka Troa, na huko usiku ndipo alipoona yule mtu wa Makedonia akimsihi avuke. Maono yalimkuta njiani, miguu yake ikiwa na vumbi la safari mbili zilizokatizwa. Wala hakuna mahali anapozililia safari hizo kama makosa.

Juu ya ule unabii, Paulo huyohuyo anawaandikia Wathesalonike wasitweze unabii, bali wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Usiudharau, lakini wala usiubebe kama hati ya kukusimamisha. Kama kweli Mungu amekuwekea mataifa mbele yako, uaminifu wa miaka kumi katika kazi ya kawaida hautakuharibia, na huenda ndio shule yenyewe. Waeleze wazee wa kanisa lako neno uliloambiwa, uwaachie walipime pamoja nawe, kisha uwaulize wanaona karama gani kwako tayari, kwa maana mara nyingi wenzetu huona mikono yetu inafaa nini kabla sisi hatujaona.

Kuhusu wenzako wanaosonga mbele, Petro naye, mara tu baada ya kuambiwa habari za maisha yake na kifo chake, aligeuka akamwona mwanafunzi mwingine, akauliza, "Bwana, na huyu je?" Akajibiwa, "Imekupasaje wewe? Wewe unifuate mimi." Nafasi ya tatu ya kazi ikija, mwanangu, ukiona ni halali nawe unaiweza, omba, shauriana na wazazi wako, kisha uipokee.

SWALI: Mchungaji, niliwahi kufungwa gerezani kwa wizi. Nilitubu, na huu ni mwaka wa tatu tangu nibatizwe. Kanisani wananipenda, lakini kila wakinisimamisha nitoe ushuhuda ni ule wa wizi, na hata wageni wananitambua kwa huo. Mimi mwenyewe usiku najiita mwizi. Mungu ananiitaje?

JIBU: Ndugu yangu, fungua Luka 15, penye mfano wa mwana mpotevu, uyalinganishe maneno ambayo yule mwana mdogo aliyatayarisha akiwa kati ya nguruwe na yale aliyoyasema alipofika. Kule mbali alipanga kusema mambo matatu: nimekosa juu ya mbingu na mbele yako, sistahili kuitwa mwana wako tena, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Mbele ya baba yake alisema mawili ya kwanza. La tatu halimo. Baba alimwacha akiri kosa, kwa kuwa kosa lilikuwapo, akamwacha hata aseme kwamba hastahili. Lakini alipofika mahali pa kujichagulia jina jipya la chini, baba alikwisha kuwageukia watumwa: leteni upesi vazi lililo bora, pete kidoleni, viatu miguuni. Kijana alitaka aajiriwe. Baba hakulijibu ombi hilo kabisa.

Kisha yupo kaka mkubwa, ambaye hataki kulitamka neno "ndugu". Anasema, "huyu mwana wako," na kutaja makahaba papo hapo. Baba anamrudisha kwa upole: "huyu ndugu yako alikuwa amekufa, naye amefufuka." Wanaokusimamisha kila mara kwa habari za wizi si lazima wawe na moyo wa kaka mkubwa, pengine wanafurahia tu kazi ya Mungu. Lakini unayo haki ya kwenda kwa mchungaji wako na kumwomba jambo hilo likome, au wewe uchague lini na kwa ajili ya nani ulisimulie. Nawasihi na viongozi wa makanisa wanaosoma ukurasa huu: jeraha la mtu lisigeuzwe kuwa kivutio cha ibada.

Jina la usiku ni gumu zaidi. Paulo aliwaandikia Wakorintho orodha ndefu ya watenda dhambi, wezi wakiwemo, kisha akasema, "Na baadhi yenu mlikuwa watu wa namna hii, lakini mlioshwa." Lirudie neno "mlikuwa" mpaka likuzoee, kwa maana sarufi hiyo ililipiwa damu. Na katika waraka kwa Waefeso kuna mstari ambao sijawahi kusikia ukihubiriwa vya kutosha, nao ni kana kwamba uliandikwa wewe ukiwa umekaa mbele ya mwandishi: "Mwibaji asiibe tena, bali afadhali afanye juhudi, akitenda kazi iliyo nzuri kwa mikono yake mwenyewe, apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji." Mikono ni ileile iliyotwaa cha mtu, nayo haikukatwa wala haikufungwa. Imepewa kazi, na mwisho wa kazi hiyo yupo mtu mwenye uhitaji anayeingojea.

Hukuniambia siku hizi unafanya kazi gani, nami ningependa kujua. Safari nyingine utakaposimamishwa mbele ya watu, anzia hapo, na kama mwezi huu umepata kitu cha kumgawia mtu, niandikie tena uniambie ilikuwaje ulipompa.